Gehlaur, kijiji kilichofungwa na mlima



Juma hili tunakwenda mbali, mpaka India, katika jimbo la Bihar, wilaya ya Gaya. Huko kuna kijiji kinachoitwa Gehlaur. Zamani mlima wa mawe ulikitenga na Wazirganj, mji mdogo ambako watu walipata matibabu. Kuzunguka mlima huo kutoka upande wa Atri mpaka upande wa Wazirganj ilikuwa safari ya karibu kilomita 55. Asiyeweza kuzunguka alipanda mawe kwa miguu, awe mzima au mgonjwa.

Hapo aliishi Dashrath Manjhi, kibarua wa jamii ya Musahar, watu wasio na mashamba na waliodharauliwa. Inasimuliwa kwamba mke wake, Phalguni Devi, aliumia akivuka mlima kumpelekea chakula, na baadaye akafa kwa sababu msaada ulikuwa mbali. Mwaka 1960 Manjhi alishika nyundo na patasi ya chuma, akaanza kuvunja jiwe. Watu walimcheka. Alimaliza mwaka 1982, miaka 22 baadaye. Alifungua njia ya urefu wa metre 110 hivi na upana wa metre 9, na safari ikapungua mpaka karibu kilomita 15. Alipokufa mwaka 2007, serikali ya Bihar ilimzika kwa heshima kubwa.

Wengi wanamsifu, na anastahili. Lakini tujiulize: kwa nini kazi ya barabara ilimwangukia mtu mmoja mwenye nyundo? Ni kwa sababu kijiji kidogo cha maskini hakionekani kwa urahisi na wale wanaogawa barabara.

Mwaka 2000 India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini zinazopitika masika na kiangazi. Kanuni yake ilikuwa idadi ya watu. Katika nchi tambarare, makao yenye watu 500 au zaidi yaliingia katika mpango. Milimani na jangwani, watu 250 walitosha. Vitongoji vilivyo karibu sana viliweza kuhesabiwa pamoja ili vifikie idadi hiyo. Tena, sensa ya India haihesabu vichwa tu. Kwa kila kijiji inaandika pia kama basi linafika, na kama shule au zahanati haipo, iko umbali gani.

Wasichana nao walifikiriwa. Mwaka 2006 Bihar ilianza kuwapa wasichana wa darasa la 9 rupia 2000 za kununua baisikeli. Wasichana walioingia sekondari waliongezeka, zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule kupita kilomita 3. Mimi mwalimu, jambo hilo linanigusa: mara nyingi tunasema mzazi hapendi binti asome, kumbe njia ndiyo inayomrudisha nyumbani.

Sisi hapa Congo, sensa yetu ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Wamama wengi wanaosoma barua hii hawajahesabiwa hata mara moja. Hatuwezi kuitisha sensa, lakini tuna daftari na kalamu. Kila kikundi kiandike: nyumba ngapi, wajawazito wangapi, wanafunzi wangapi, saa ngapi kwa miguu mpaka kituo cha afya, daraja gani limevunjika. Karatasi moja ibaki kwetu, nyingine apewe chifu mkononi. Na mtoto akizaliwa, aandikishwe kabla ya siku 90, kama sheria inavyosema.

Phalguni Devi hakupata njia kwa wakati. Tusingoje mwenzetu aanguke ndipo tuanze kuhesabu.