Silinda Nne

Wengi wenu mliona picha ya wiki jana, mchungaji wenu akiwa na ovaroli na grisi hadi kwenye viwiko, mkaniandikia kuuliza kama nimeacha huduma nikafungua gereji. Sijaacha. Lakini kuna jambo juu ya ile trekta ambalo lazima nilitue hapa hadharani, kwa sababu nilikosea hadharani.

Trekta yenyewe ni Massey Ferguson 35. Marehemu baba aliinunua mwaka 1974, ikiwa tayari imezeeka, akalimia nayo mashamba ya majirani upande wa Kitale. Karo yetu sote ilitoka kwenye plau yake. Baba alipolala mwaka 2008, ndugu yangu mkubwa ndiye aliyebaki nayo. Miaka miwili baadaye ikasimama chini ya mkalitusi, na kuku wakaanza kutagia kwenye kiti.

Nilikuja likizo kutoka chuo cha Biblia nikaikuta hivyo. Jirani mmoja anayejiita mjuzi wa matrekta akanivuta kando. Akaniambia 35 zote huwa na injini ya Perkins ya silinda tatu, sasa mbona yetu ina nne? Nikaenda nikahesabu nozo. Moja, mbili, tatu, nne. Nikatembea kijijini nikiangalia 35 za watu wengine, na kila niliyoiona ilikuwa ya tatu. Hesabu ikakamilika kichwani mwangu: ndugu yangu ameuza injini ya mzee, akaweka makapi.

Wapendwa, sikuuliza swali hata moja. Nilimshtaki mbele ya mama na wazee wa ukoo. Alisema sentensi moja tu: "Hiyo injini haijawahi kutolewa." Nikamjibu kwamba sasa ameongeza uongo juu ya wizi. Tangu siku hiyo hatukula meza moja. Na mwenzenu sikuishia hapo. Nilihubiri juu ya Esau aliyeuza haki yake ya uzaliwa wa kwanza kwa chakula, na wale wa nyumbani waliokuwa wameketi kanisani walijua ninamsema nani. Watu walisema amina. Nilifurahia zile amina.

Mwaka huu wanunuzi wa vyuma vikuukuu walifika kwa mama na mizani yao. Mama akanipigia simu, akasema kama siitengenezi, basi niwape. Nikatafuta fundi, mzee wa makamo ya baba yangu. Nilitarajia afungue kisanduku cha spana. Badala yake aliomba kitambaa na dizeli kidogo, akaanza kusugua kibati kilicho kwenye dashibodi, mbele ya usukani. Polepole zikatokea herufi: SDM, halafu namba.

"Pasta," akasema, "hii ni ya silinda nne."

Nikamwambia najua, ndiyo shida yenyewe. Akacheka. Akanieleza kwamba 35 za kwanza za dizeli zilizotoka kiwanda cha Banner Lane kule Coventry, Uingereza, zilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne. Perkins ya silinda tatu iliingia mwaka 1959. Ile D ya pili kwenye herufi ni ya dizeli ya silinda nne. Ingekuwa ya tatu, pale pangekuwa na N. Kisha akachukua msasa akakwangua boneti. Chini ya buluu ambayo baba aliipaka kutokana na rangi iliyobaki ya geti, kulikuwa na nyekundu. Injini chini ya uchafu ilikuwa ya kijivu. Akasema zile za 1956, kabla jina halijawa Massey Ferguson, bodi ndiyo ilikuwa ya kijivu na injini rangi ya shaba. Hii yetu imefuata baada ya hapo, kabla ya Perkins. "Ilizaliwa hivi."

Huyo fundi alikuwa Nathani wangu, na hata hakujua.

Halafu akaongeza kitu kilichonimaliza. Kwamba injini hizo za nne zilijulikana kwa ukaidi wa kuwaka asubuhi ya baridi. Nikakumbuka baba akiiegesha kila jioni pale kwenye mteremko. Nikajikumbuka na sare ya shule, bega langu kwenye mataya, tukiisukuma mimi na ndugu yangu kabla ya kwenda darasani. Injini ileile. Ushahidi ulikuwa begani mwangu miaka yote hiyo, nami nikaamini maneno ya jirani.

Nilimpigia ndugu yangu usiku huo. Nikasema nilichopaswa kusema. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Imeshika?"

Ilikuwa imeshika, pistoni hazisogei. Alikuja Jumamosi. Tukatoa nozo, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye silinda, tukaiacha siku nne. Mimi nilitaka kuikaza kwa nguvu, yeye akanizuia, nitavunja ringi. Tukazungusha kidogo kwa mkono, tukaacha, tukazungusha tena. Nozo zikaenda kupimwa mjini. Tangi lilikuwa na kutu ya kujaza debe. Haidroliki bado inainua na kuangusha, na ndugu yangu hajasema kwamba amenisamehe. Simharakishi. Jumapili ijayo nitasimama kwenye madhabahu ileile niliyomsemea.

Jumamosi iliyopita tuliiburuta hadi kwenye mteremko wa baba. Nikapanda kwenye kiti. Ndugu yangu akanitazama, akatikisa kichwa.

"Shuka, Pasta," akasema. "Wewe sukuma."

Nikashuka.