Na Kompyuta Mapajani Hadi Dundee

Treni ya kutoka Edinburgh ilipoanza kuvuka mto Tay, nilijisogeza dirishani, boksi nimelikumbatia. Majini, sambamba na reli, vimejipanga visiki vya nguzo za daraja la kwanza, lile lililoporomoka na treni usiku wa 28 Desemba 1879, wakafa wote waliokuwemo. Nilikwisha kusoma habari zake, lakini kuviona visiki vile kulinikata maneno mpaka tukafika ng'ambo.

Ndani ya boksi mlikuwa na ZX Spectrum ya kilobaiti 48, ile kompyuta ndogo nyeusi ya vitufe vya mpira iliyotoka 1982. Niliinunua mkononi kwa mtu, nikaipenda siku hiyo hiyo, nayo ikaanza kunitesa. Unaandika programu yako mstari baada ya mstari, mara skrini inakuwa nyeusi, kisha nyeupe, kana kwamba ndiyo kwanza umeiwasha. Kila unachoandika hukaa kwenye chipu za kumbukumbu tu. Umeme ukikatika kufumba na kufumbua, kazi imekwenda. Nilizishuku chipu hizo, nikawa tayari nimenunua nane mpya.

Dundee nilikwenda kwa sababu Spectrum nyingi ziliunganishwa pale, katika kiwanda cha Timex kilichofungwa 1993, na wengi wa waliozifanyia kazi walikuwa wanawake. Nilielekezwa kwa mmoja wao. Kwa umri wake, nyumbani ningemwamkia shikamoo kabla ya kuketi.

Chipu zangu hakuzitazama hata mara mbili. "Anza pale umeme unapoingilia," aliniambia.

Alifungua skrubu tano za chini, akainyanyua kibodi polepole, maana zile tepe mbili za plastiki zinazoiunganisha na ubao hukauka kwa miaka na kukatika ukizivuta. Akawasha, akagusisha ncha za multimita kwenye kifaa kinachoshusha umeme wa adapta. Volti 5, sawasawa. Kisha akausukuma waya wa adapta kwa kidole kimoja. Namba zikaanguka, zikarudi, na skrini ikaanza upya.

Akanipa lenzi. Chini ya ubao, kwenye mguu wa soketi ya umeme, risasi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeuzunguka mguu wote. Mashine hii haina swichi: kuizima ni kuchomoa waya, kuiwasha ni kuuchomeka tena. Miaka arobaini ya chomeka-chomoa, nami nikiongeza yangu kila jioni, soketi ilikuwa imechezacheza mpaka risasi ikaachia. Akaniambia nimeponea chupuchupu, kwani chipu nane za kumbukumbu ya chini hutaka volti 12, 5 na hasi 5 kwa pamoja, na umeme ukiyumba hivyo zinaweza kufa kweli.

Aliifyonza risasi ya zamani, akalehemu upya. Moshi kidogo, basi.

Tukaweka kaseti ya Manic Miner. Michirizi myekundu na ya samawati ikatokea pembezoni mwa skrini, halafu ya buluu na njano, data ikiingia kwa mlio wake mkali.

"Sasa utikise," alisema.

Nilisita. Akanisukumia waya mkononi. Nikautikisa, kwanza kwa woga, kisha kwa nguvu, na michirizi ikaendelea kukimbia.