Kupanda Ngomo kwa Motokari Kuukuu
Atokaye Uvira, penye mita 770 hivi juu ya bahari, huvuka kwanza uwanda wa Ruzizi. Kupita Kamanyola, njia ya Ngomo hupanda kwa makona makali kuelekea Bukavu, penye mita 1,500 hivi. Hapo ndipo motokari kuukuu hujulikana afya yake.

Ikichemka tangu uwandani, tazameni kama maji yamepungua au mpira unavuja. Ikichemka mlimani tu, huenda mkanda wa feni umelegea, au radiateri imezibwa na tope na wadudu. Mafuta ya injini yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameingia ndani: msiendelee.

Lakini radiateri yenye moto msiifungue kamwe! Mvuke wake huunguza uso. Ngojeni mpaka iguswe kwa mkono, mkiutazama uwanda huko chini. Mlima hauhami.