Mfupa wa Kati

Fuvu la mwanadamu hudhaniwa kuwa ukuta mmoja, walakini ni kuta mbili. Ule wa nje ni imara; ule wa ndani ni mwembamba, mwepesi kuvunjika. Kati yake pana mfupa wenye vitundu kama sifongo, uitwao diploi, nao hubeba uboho mwekundu utengenezao damu. Mtoto apungukiwapo na damu kwa muda mrefu, kama katika selimundu, mfupa huo huweza kunenepa kwa kujitahidi kuziba upungufu.

Habari hizi mwanafunzi mmoja wa utabibu alimsomea babu yake nyumbani kwao Soweto, mjini Moshi. Kwa mzee yule fuvu halikuwa jambo la vitabuni. Zamani Wachaga walikuwa na desturi ya kufukua fuvu la marehemu baada ya muda na kuliweka mgombani penye masale, apate kukaa karibu na watoto wake.

"Damu hutengenezwa humo?" aliuliza.

"Naam, babu."

"Basi Mangi Meli walimchukulia hata kiwanda cha damu yake."

Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wadachi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wakuu wengine. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Huko Berlin Felix von Luschan alikusanya mafuvu kwa maelfu, akayapima urefu na upana. Mshona kofia angaliweza kazi hiyo, tena kwa faida kubwa zaidi. Vipimo vile havikusema hata mara moja kwamba huyu ni baba wa fulani.

Jibu la namna hiyo lilitoka ndani ya mfupa. Mwaka 2023, baada ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki, vipimo vya nasaba vilionyesha kwamba matatu yana jamaa walio hai Tanzania. Moja liliandikwa "Akida", likatambulikana kuwa la mshauri wa Meli. Mjukuu wa Meli naye alikuwa ametoa mate yake yapimwe. Fuvu la babu yake halikuonekana.

Mwanafunzi alieleza kwamba katika mfupa mkavu uboho hauko tena.

"Na vile vitundu?"

"Vitundu hubaki, babu."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamwagiza asome tena pale penye damu.