Kahawa Ilipoondoka na Miti

Babu yangu wa Marangu, Kilimanjaro, hakuwa na shamba la kahawa wala shamba la ndizi. Alikuwa na kihamba, na humo vyote viliishi pamoja. Juu ilisimama miringaringa na miruka, chini yake migomba ya mchare, kisha mibuni, na ardhini magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hakutoka bandani: alikatiwa majani na magogo ya migomba, samadi yake ikarudi mashinani. Maji yalishuka kwa mfereji tunaouita mfongo, kila nyumba kwa zamu yake. Mpakani palikuwa na mimea ya masale. Sijaona tena kipande kidogo cha ardhi kikilisha watu wengi namna ile mwaka mzima.

Wengi husema vijana ndio walioacha mila. Nilikuwepo, na nilichokiona ni bei. Mwaka 1989 makubaliano ya mataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na ile fedha ya ada za shule ikakosekana. Baba aliacha kwanza kupulizia dawa ya ugonjwa wa chulebuni, kisha akaacha kupogoa. Upande wa chini aling'oa mibuni, akapanda mahindi. Mahindi hayataki kivuli, basi miruka ikakatwa, na miringaringa ikaenda kwa wapasua mbao. Kumbe kahawa ndiyo iliyokuwa ikiilinda ile miti, ingawa hakuna aliyewahi kulitamka. Masika yakaja, udongo ukateremka hadi barabarani.

Leo kilimo mseto kinafundishwa kwenye semina. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo duniani, na watafiti wamekuta zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro. Heshima hiyo tunastahili. Lakini anayemhimiza mkulima apande miti amwambie pia ataishi kwa nini wakati miti inakua. Tena mgrevilea unaopendwa sasa hukua haraka na kutoa mbao, ila hauongezi naitrojeni udongoni kama mruka.

Mdogo wangu, kitindamimba aliyerithi kihamba kwa mila yetu, alianza na kinacholipa. Amepanda miparachichi ya kuuza na mibuni mipya ya kituo cha utafiti cha Lyamungo inayostahimili chulebuni, ndipo akaotesha miruka kwa mbegu. Migomba imenenepa tena. Kinachomshinda ni mfongo, maana kuuzibua kunataka mikono ya majirani wote, na nyumba za juu yake zimefungwa. Wenyewe wako Dar es Salaam.