Chupa ya vimeng'enya

Jumatatu, 3 Juni
Mama Salma kaja dukani na chupa aliyoletewa na wifi yake kutoka Dubai. Anachoka, asema, akipanda ngazi moyo wamwenda mbio. Wifi kaamua kwamba chakula hakisagiki tumboni, ndiyo maana nguvu hazipatikani. Nimemwomba aniachie, nikaisoma lebo baada ya kufunga duka. Amilasi ya wanga, lipasi ya mafuta, na papaini, ya utomvu wa papai bichi. Bibi yangu alifunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai, wala hakulipa dirhamu hata moja.

Jumanne, 4 Juni
Neno moja limenikosesha raha: pankreatini. Hiyo kwa kawaida hutoka kwenye kongosho la nguruwe, na Mama Salma ni mtu wa swala tano. Wenye kongosho lililoharibika hupewa dawa ya asili hiyohiyo, na wanazuoni wengi huiruhusu kwa dharura. Wakiimeza pamoja na mlo hufyonza mafuta, uzito hurudi na nguvu pia. Lakini ugonjwa huo hujitangaza chooni: choo cha mafuta, kinachoelea, kinachonuka vibaya, na mtu hukonda. Nimemuuliza waziwazi (kazi yetu haina haya). Hakuna. Kongosho lake zima. Kuliongezea vimeng'enya ni kumwaga maji baharini.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemsihi aende kituo cha afya akapime damu na choo. Kanuna: "Mwanangu, mie nakuletea dawa, wewe wanipeleka kwenye sindano!" Kumbe hedhi yake nzito tangu mwaka jana, na hakuna aliyemuuliza. Na chai ya rangi kila mlo, juu ya maharage; tanini za chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Jumatano, 12 Juni
Himoglobini 8.6. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu chini ya 12. Chooni, mayai ya safura, minyoo inayonyonya damu utumboni. Kaandikiwa albendazo ya miligramu 400, vidonge vya chuma, na kipimo cha mfuko wa uzazi.

Wifi kapiga simu kuuliza kama vidonge vyake vimeleta nguvu. Mama Salma kajibu vizuri sana, ahsante, kisha kaniomba nimuuzie chupa. Nimekataa. Kasema basi atampa jirani.