Obokima, Mteremko na Pumzi

Mwili haujengwi kwa matofali, na katika vilima vya Nyamira kijengacho mwili kina jina: obokima, yaani ugali, hasa ule wa wimbi. Mlo usiokuwa nao huhesabiwa kuwa kionjo tu. Ndiposa kijana arudipo kutoka mjini na kitambi chake, kisha akausukuma ugali kando kwa kuwa ameshauriwa apunguze wanga, mama yake hudhani ni yeye aliyekataliwa.

Kijana huyo hana kiburi. Wanga uliwao hugeuka sukari, nayo homoni ya insulini huuamuru mwili uitumie sukari hiyo kwanza na kuyafungia mafuta ghalani. Wanga ukipungua, insulini hushuka, ghala hufunguka, na ini hugeuza sehemu ya mafuta kuwa ketoni, kuni mbadala ziulishazo hata ubongo. Hata hivyo, asihadaiwe na mizani ya juma la kwanza. Kila gramu ya sukari iliyowekwa akiba katika ini na misuli hushikana na takriban gramu 3 za maji. Aghalabu ni maji hayo yatokayo mwanzo, wala si mafuta.

Mama naye ana hoja. Amekula obokima tangu utotoni na hana kitambi, maadamu kila siku hupanda na kushuka mteremko, kikapu cha majani chai mgongoni. Kazi ya mwendo wa wastani idumuyo kwa saa nyingi huyavuta mafuta hadi kwenye misuli, yakaungua kwa oksijeni. Hayageuki jasho, kama wengi wadhanivyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa kilo 10 za mafuta zikiungua, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya ukaa, na zinazosalia huwa maji. Mama huyapumua mafuta yake mlimani.

Wala wanga si adui. Naftali Temu, Mgusii aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Mexico mwaka wa 1968, alishinda mbio za mita 10,000. Kasi kama ile hutegemea zaidi wanga, kwani mafuta huungua polepole.

Basi kijana na amege tonge dogo, aijaze sahani chinsaga, kisha apande mteremko pamoja na mamaye. Anayetumia dawa za kisukari na amwone daktari kabla ya kupunguza wanga. Tonge dogo lililoliwa kwa shukrani halimvunjii mama heshima. Kinachomuumiza ni sahani iliyorudi jikoni bila kuguswa, na bila neno.